Maji ya Kuoshea Tarumbeta

Walimu wenzangu pale Masasi walikuwa na desturi moja. Wakiniona nakuja na tarumbeta langu kwapani, mmoja anakumbuka madaftari ambayo hajayasahihisha, mwingine anamkumbuka mbuzi wake, na mwalimu mkuu anakumbuka kwamba yeye ni mwalimu mkuu. Nikifika barazani nakuta viti vitupu na kikombe cha chai kinachofuka moshi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nafanya kazi na watu wenye shughuli nyingi.

Walichokuwa wakikimbia ni valvu. Nikishaanza habari za valvu siachi mpaka msikilizaji aage au asinzie. Wewe hujapata nafasi ya kukimbia, kwa hiyo nitakueleza, lakini kwa ufupi.

Tarumbeta lisilo na valvu, kama lile la askari wa bomani, ni bomba moja tu. Lina sauti zake chache za kuamshia watu na za kuwalazia, basi. Ukitaka sauti nyingine huipati, maana urefu wa bomba ni uleule. Wazungu walihangaika sana na jambo hili. Walitoboa matundu wakayawekea vifuniko, ikatoka sauti ya mbuzi aliyefungwa kambani. Mwishowe Wajerumani wawili wakapata akili ya valvu, wakabishana ni ya nani. Nayo valvu kazi yake ni kuizungusha pumzi. Ukibonyeza, mlango wa njia fupi unafungwa, wa njia ya mzunguko unafunguka, pumzi inasafiri mbali zaidi. Njia ikirefuka, sauti inashuka.

Wanafunzi niliwaeleza kwa barabara. "Ukitoka Masasi ukaenda Newala moja kwa moja, hujabonyeza kitu. Ukimpitia shangazi yako Makote ukala muhogo, umebonyeza ya kwanza. Ukimpitia kila ndugu uliye naye, umebonyeza zote tatu, na utafika huna sauti." Walicheka, nami nikajiona mwalimu hodari. Baadaye niligundua walikuwa wakimcheka mwenzao aliyekuwa akiniigiza nyuma ya ubao.

Nilijaribu hata kutengeneza valvu yangu mwenyewe. Nilichonga pistoni ya mpingo, nikaitia ndani ya pampu ya baiskeli, na mwezi wa saba ilipanda na kushuka vizuri mno. Niliipa jina: Valvu ya Lupaso, kwa heshima ya kijiji kilichonizaa. Zilipokuja mvua mpingo ukavimba, valvu ikakwama moja kwa moja, na hapo ndipo Padri alipoanza kuiulizia pampu yake.

Basi mtu wa namna hii ndiye aliyetaka kuoa.

Emilia alikuwa akifundisha wasichana kule Mkunya, Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde. Alikuja Masasi na kwaya yao kwa sikukuu ya kanisa, mwaka ule wa hamsini na mbili. Baada ya ibada watu walinizunguka kunipongeza, au walikuwa wakingoja chakula karibu na mahali niliposimama. Yeye alipita akitafuna muwa, akasimama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Umepiga vizuri. Ila ile sauti ya chini kabisa inapanda kidogo."

Akaenda zake na muwa wake. Na alikuwa amesema kweli. Ukibonyeza valvu ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, mizunguko ile miwili haitoshi; njia inapungua kidogo, na sauti inakaa juu ya pale inapotakiwa kukaa. Ni kasoro iliyowasumbua mafundi wa Ulaya tangu zamani. Msichana huyu ameisikia akitafuna muwa! Nilimpenda palepale, na kwa siku kadhaa nilimchukia kidogo pia.

Nikatuma salamu, zikajibiwa. Nikatuma neno, likajibiwa vilevile: kwao mwenye kauli ni mjomba, Mzee Isaka, ndugu wa mama yake, na Mzee Isaka amesema nije wakati wa likizo nikae nyumbani kwao nionekane. Nikionekana nafaa, wazee wangu watakuja kutoka Lupaso kutoa posa. Kwetu Wamakua mambo ni hayohayo. Mwanamume huenda ukweni akapimwa kwa kazi, kisha hukaa kwa watu wa mke wake. Nilijua yote hayo. Lakini nilijiambia kwamba jembe kila mtu anaweza kulishika, na mimi nitapimwa kwa tarumbeta.

Nilifika Mkunya mwezi wa saba, jua la mchana, vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamekaa uani: Emilia, mama yake, bibi yake na Mzee Isaka. Nikasalimu. Mama Emilia akaitika marahaba bila kuniangalia, maana mkwe na mama mkwe wake hawakodoleani macho. Emilia akaniletea maji katika kata. Yalikuwa na ladha ya udongo na ya mtungi. Nikanywa nusu, nikashusha pumzi, na kilichobaki nikakirusha chini kwa mkono uliokunjuka, kama tufanyavyo kwetu bondeni ambako visima viko nyuma ya jiko.

Uani pakawa kimya. Wote walikuwa wakiangalia upande wangu, nami nikajua kwamba wameliona tarumbeta. Nikaligeuza kidogo ili jua lipige kwenye valvu.

Kuku mmoja mweupe alikuja mbio akaanza kudonoa pale palipolowa. Mama Emilia akamwambia, "Kunywa, kuku wee. Leo mvua imenyesha."

Nikafurahi. Nilimwona mama mcheshi sana.

Bibi Sikuzani, yule bibi yake Emilia, alikuwa na ndonya kwenye mdomo wa juu, kipande cha mpingo cheusi kinachong'aa. Yeye kwangu alikuwa bibi, na bibi hana haya na mjukuu. Alinitazama nilipokuwa nikijaribu mdomo wa tarumbeta langu, akauliza, "Nume wangu, hicho kiduara cha shaba unakitia ndomoni kila siku?"

"Kila siku, Bibi."

"Mimi nilitia changu mara moja tu, nikamaliza. Halafu Padri anasema mimi ndiye ntu wa zamani."

Siku ya tatu asubuhi nilikuta jembe limeegemezwa mlangoni pa chumba changu. Nikadhani mtu amelisahau. Kwa adabu nikalibeba, nikalirudisha ghalani, nikaliweka pamoja na mengine. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: methali hiyo nimeiandika ubaoni miaka yote ya ualimu wangu, na nimewasahihishia watoto maelezo yake.

Tena nilikuwa na kazi yangu, kwa maana Mzee Isaka alikuwa amenitolea tarumbeta lake.

Mzee Isaka katika ujana wake alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya askari wa Mjerumani. Vita vilipofika hadi kwetu na Wajerumani wakakimbilia ng'ambo ya Ruvuma, yeye alibaki na tarumbeta. Alisema alikabidhiwa alitunze. Bibi Sikuzani, ambaye ni mama yake mzazi, alisema alikutwa amelala chini ya kitanda pamoja nalo. Lilikuwa pana, limepauka, na valvu zake hazikuwa kama zangu. Zangu ni pistoni, zinapanda na kushuka. Zake ni za kuzunguka: ndani ya kila kikopo kuna kipande cha shaba kinachogeuka, kimevutwa kwa kamba, na kinapogeuka kinaielekeza pumzi kwenye bomba jingine.

"Hii inageuka kama ufunguo kwenye kitasa," akasema. "Hiyo yako ni pampu ya baiskeli."

"Pistoni ndizo za kisasa, Mzee. Mfaransa alizinyoosha njia zake, pumzi inapita bila kubanwa."

"Mfaransa alimshinda nani?"

Tulibishana hivyo hadi muhogo ukapoa. Ukweli ni kwamba hakuna kati yetu aliyekuwa na hoja. Yeye alitetea zake kwa sababu ni zake, na mimi nilitetea zangu kwa sababu ni zangu na nimezisoma. Nilipomwomba anipigie kidogo, akapiga zile sauti chache za askari: amkeni, kuleni, laleni. Nikamwangalia vidole. Vilikuwa vikibonyeza kwa madaha makubwa, lakini ndani hakukuwa na kitu kinachogeuka.

"Mzee, valvu zimekwama."

Akainama, akaongea kwa sauti ya chini. Zilikuwa zimekwama tangu mwaka ule mikorosho ilipoanza kuzaa vizuri. Aliona mafuta meusi yanayotoka kwenye maganda ya korosho yakichomwa, akaona yanavyoteleza na kung'aa, akasema hayo ndiyo mafuta ya valvu. Akazipaka. Yakamchubua vidole na mdomo. Yalipokauka yakawa magumu kama rangi ya mlango, na toka siku hiyo tarumbeta lenye valvu tatu likawa la bomani. Hakuna aliyejua. Watu walidhani nyimbo za Wajerumani ndivyo zilivyo.

"Zifungue hizi," akasema, "wazee wako wakifika zilie mbele yao. Nami sitakuwa na neno la kukunyima mpwa wangu."

Mtu mwingine angeambiwa ang'oe visiki vya shamba zima. Mimi naambiwa nifungue valvu! Niliona kwamba Mungu ametazama dunia yote, akapanga mambo ya Newala kwa ajili yangu tu. Nikatuma habari Lupaso kwamba waje.

Siku moja kabla ya wageni, wanawake walikwenda shambani na Bibi alikuwa amelala chumbani. Nilivifungua vile vikopo, nikakata kamba ya katani iliyooza, nikaloweka kila kitu kwa mafuta ya taa. Vipande vikalegea kidogo, vikatoa uji mweusi, kisha vikagoma. Palitakiwa maji ya moto yenye majivu, ya kuloweka, na baada ya hapo maji safi ya kusuuzia.

"Mzee, maji yako wapi?"

Mzee Isaka akanyoosha kidole bila kugeuka. "Si hayo hapo."

Pembeni mwa jiko, kivulini, palikuwa na mitungi iliyofunikwa majani. Maji tele. Nikachemsha mtungi wa kwanza, nikatia majivu, nikaloweka, nikagonga kwa kipande cha ubao. Maji yakawa meusi, nikamwaga. Mtungi wa pili ukatoka kijani kwa kutu ya shaba, nikamwaga. Mtungi wa tatu nilisuuzia mabomba, nikivuta maji kwa mdomo na kuyapuliza upande wa pili kama mtoto mtoni, na Mzee Isaka akipiga makofi. Kilichobaki mtungini nikanawia uso, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi kubwa.

Na valvu zikageuka! Nilirudisha kila kipande kwenye kikopo chake, maana ukivibadilisha haviingii, nikafunga uzi mpya wa mshipi wa kuvulia samaki, nikapuliza. Ikatoka sauti, nikabonyeza, ikashuka. Nikabonyeza nyingine, ikashuka tena, laini, nzito, ambayo sikuwahi kuisikia kwenye tarumbeta langu. Nilitaka kulia. Mzee Isaka hakutaka kulia, alilia. Akanipokonya akaanza kupiga wimbo wote wa Wajerumani, na sauti zilizokosekana miaka yote zikawa zinaingia moja moja, nyingine mahali pasipo pake.

Wanawake wakarudi katikati ya wimbo. Mama Emilia aliweka kikapu chini, akaenda jikoni na kibuyu chake kuteka maji. Nikamsikia akiinua mtungi. Akauweka. Akainua wa pili. Akauweka. Wa tatu hakuuinua, aliugusa tu kwa mguu, ukaviringika.

Akatoka. Hakunitazama. Kuku mweupe alikuwa akizunguka kwenye tope jeusi lililokuwa uani.

"Kuku wee," akasema polepole, "rudi ulale na kiu yako. Mvua imekwisha."

Safari hii sikumwona mcheshi.

Emilia aliniita kando. "Mwalimu, wazee wako kesho watanawa nini?"

"Si tutachota mengine?"

"Wapi?"

Nikatazama huku na huku. Nilikuwa nimekaa pale siku zote hizo sijaona kisima, wala sijajiuliza kwa nini sijakiona. Alfajiri nilikuwa nasikia wanawake wakiondoka nikageukia upande wa pili. Saa za kunywa uji nilikuwa naona wanarudi na mitungi kichwani, shingo zimesimama, nikasema moyoni, wanawake wa huku wana mwendo mzuri. Maji ya Mkunya wakati wa kiangazi yako bondeni, chini kabisa ya mteremko. Yale niliyoyapuliza kwenye mabomba yalikuwa yamewekwa akiba kwa ajili ya wageni wangu mwenyewe.

"Mama amesema wakikuta mitungi mitupu, hakuna mazungumzo. Warudi Lupaso na posa yao."

"Amekwambia hivyo?"

"Amemwambia kuku."

Niliogopa kweli. Nilimwona Emilia anavyonitazama, bila hasira, kama unavyomtazama mtoto aliyekosa hesabu rahisi, na nikajua kwamba naweza kumpoteza jioni ile, na valvu zote za Ujerumani hazitamrudisha. Bibi Sikuzani alikuwa ameamka, amekaa mlangoni. "Nume wangu," akasema, "debe tupu haliachi kuvuma. Nenda ukalijaze."

Nikachukua mzega, ule mti wa mabegani wenye debe kila upande. Emilia akajitwika mtungi. Kushuka kulikuwa rahisi, na mdomo wangu ulifanya kazi njia nzima. Nilimweleza jinsi nilivyofungua valvu. Chini tulikuta wanawake wamekaa foleni kwenye shimo, wanangoja maji yajikusanye, wanachota kwa kata. Waliponiona na mzega wakacheka wote pamoja. Habari zilikuwa zimetutangulia. Habari kule hazihitaji kuchotwa. Mmoja akaniuliza kama nimekuja kuosha na ngoma. Nilingoja zamu yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona maji yakija, kidogo kidogo, kutoka kwenye mchanga.

Tukaanza kupanda. Mzega ulinikata bega kabla hatujaiacha miti ya bondeni.

"Emilia, hakuna njia ya mkato?"

"Ipo. Ukiwa na maji inakuangusha. Leo, Mwalimu, tunabonyeza zote tatu."

Nikashangaa. "Umejuaje habari za barabara?"

"Wanafunzi wako wana dada zao kwangu. Nyimbo hawazijui, lakini wewe wanakuigiza vizuri." Alikuwa mbele yangu, mtungi kichwani, mikono ameiachia. "Haya. Njia ikirefuka?"

"Sauti inashuka," nikajibu, na kweli ilitoka chini mno, maana pumzi haikuwapo.

"Hiyo imekaa mahali pake," akasema. "Haijapanda hata kidogo."

Kwenye kona moja nilijikwaa. Debe la mbele likayumba, maji yakaruka, yakanyonywa na vumbi kabla sijapiga kelele. Hayakuzidi ya kata moja. Nilisimama nikiangalia lile doa kama mtu aliyefiwa, na ndipo nilipokumbuka siku niliyofika, na mkono wangu uliokunjuka, na kuku. Nilisikia joto masikioni hadi tunafika. Huko juu Mzee Isaka alikuwa bado anapiga tarumbeta lake, sauti ikitushukia bondeni, tamu kabisa, yenye makosa kila mahali.

Kesho yake wazee wangu wakaja, mbele yao mjomba wangu Cyril, amevaa koti lake la Pasaka, amechakaa kwa jua. Mitungi haikujaa, lakini haikuwa mitupu. Wakanawa. Mama Emilia aliwamiminia yeye mwenyewe, kidogo kidogo, na nilipoona kila tone linapoangukia nikawa nahesabu kona za mteremko.

Mzee Isaka hakutaka maneno yaanze. "Kwanza msikie," akasema. "Mkwe amefufua kitu kilichokufa." Akanipa tarumbeta lake. Emilia alikuwa amekaa kwenye mkeka nyuma ya mama yake, kichwa ameinamisha upande, kama anavyofanya akisikiliza kwaya.

Nilichagua wimbo wa kanisani ambao Emilia anaujua, unaoteremka mwishoni hadi kwenye ile sauti ya chini, ya valvu mbili kwa pamoja. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeshalipanga jambo: nitavuta bomba la valvu ya tatu nje kidogo kwa kidole, njia irefuke inavyotakiwa, na sauti itakaa pale ambapo haijawahi kukaa. Itakuwa yake peke yake. Wengine watasikia wimbo, yeye atasikia jibu.

Wimbo ulikwenda vizuri. Valvu ziligeuka kama ufunguo kwenye kitasa. Mzee Isaka alikuwa amefumba macho. Nikaanza kuteremka. Sauti moja kabla ya ile yenyewe, nikainua macho nimtazame Emilia, na badala yake nikamwona Mjomba Cyril.

Alikuwa amepewa maji ya kunywa. Amekunywa nusu. Ameshusha pumzi, ameinua kata, na mkono wake ulikuwa unakunjuka kuelekea chini. Kuku mweupe alikuwa ameshaanza mbio.

"Usimwage!"

Hakuna tarumbeta, lenye valvu au lisilo nazo, lililowahi kutoa sauti ile. Nililiachia la Mzee Isaka likaning'inia kwenye kidole kimoja, nikaruka mkeka wa wazee, nikamshika mjomba wangu mkono mbele ya wakwe, mimi niliyelelewa nikimsalimia kwa kuinama. Mjomba Cyril alinitazama kama amemwona mwendawazimu wa ukoo. Mzee Isaka alifumbua macho, wimbo wake umekatika shingo. Nilijua nimeiharibu posa, na sauti ya Emilia imebaki ndani ya bomba, haitatoka tena. Lakini mkono sikuuachia.

Polepole, bila kuelewa kitu, Mjomba Cyril akarudisha kata mdomoni akayamaliza.

Uani pakawa kimya kama siku ile niliyofika. Kuku alikuwa amesimama katikati yetu, anatazama ardhi kavu. Bibi Sikuzani akaanza kucheka, ndonya ikitikisika. Mama Emilia akainuka na mtungi, akapita mbele yangu bila kunitazama, akasimama.

"Kuku wee," akasema, "umemsikia nkwe wangu? Leo huna chako."